Kijiji Kilichozama Bila Maji

Hapo juzijuzi, wala si zamani, palikuwa na nchi ambayo serikali yake iliwapenda wananchi kupita kiasi. Jina la nchi hiyo silitaji. Si kwamba naogopa. Ni kwamba Kamati ya Taifa ya Jina bado inakaa, na wajumbe wameomba wasisumbuliwe mpaka wamalize chai.

Katika nchi hiyo kila mtumishi wa umma aliahidiwa nyumba siku atakapostaafu. Ahadi ilikuwa ya kweli, tena iliimbwa shuleni. Tatizo likawa viwanja. Havikuibiwa, kama wanavyosema wenye midomo michafu. Vilikwisha tu, vyote katika wiki moja, na kwa bahati njema vikaangukia mikononi mwa waheshimiwa wanaojua kuvitunza. Basi Wizara ya Makazi ikakaa na Wizara ya Uchukuzi, wakachinja mbuzi, wakala, wakapata ufumbuzi: wastaafu wapewe nyumba za magurudumu. Nyumba isiyohitaji kiwanja! Waziri alipolitangaza jambo hilo bungeni, wabunge walipiga meza mpaka moja ikavunjika mguu.

Sharti lilikuwa moja, dogo. Nyumba isiyo na kiwanja ikisimama mahali pamoja zaidi ya usiku mmoja, imevamia ardhi ya mtu. Kwa hiyo nyumba hizo zilitakiwa ziwe safarini siku zote za uhai wa mwenye nyumba. Na ili wazee wasihangaike kujua pa kwenda, kila moja ilifungwa jipiesi ya serikali, kile kidude cha kuonyesha njia, kikisema kwa sauti ya Mheshimiwa Mkuu wa Nchi mwenyewe. Alirekodiwa studio, bendi ya polisi ikiwa nyuma yake.

Bwana Eustaki Ndimangwa alikuwa bwana afya wa machinjio. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia kupiga muhuri wa zambarau kwenye mapaja ya ng'ombe. Siku ya kustaafu kwake aliitwa uwanja wa mpira, akapigiwa tarumbeta, akakabidhiwa nyumba yake. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko la gesi, sinki lisilo na bomba, choo ambacho mtu mnene alitakiwa aingie kinyumenyume, na picha ya Mheshimiwa iliyopigiliwa ukutani kwa misumari mirefu, hata ukiing'oa ukuta nao unakuja.

Eustaki hakuangalia picha wala sinki. Aliangalia kitanda. Mkewe Perpetua figo zilikuwa zimekataa kazi, miguu imemvimba, na basi asingeweza kulipanda kwa sababu hakuweza kukaa. Daktari alikuwa amemshika Eustaki bega, akamwambia, "Mzee, mpeleke mama nyumbani akapumzike." Katika nchi ile kila mtu anaelewa maana ya maneno hayo, na ndiyo maana madaktari huyasema wakiwa wanaangalia dirisha.

"Baba Sesilia," Perpetua alimwambia jioni ile, akimwita kwa jina la binti yao aliyekwenda ng'ambo kutafuta maisha na maisha yakampata, "mimi sitaki mengi. Nipeleke Itandula. Nikafie kwetu, mnilaze kando ya mama, pale nyuma ya banda la mbuzi. Basi."

"Nitakupeleka," alisema Eustaki, na tangu siku ile hakuwa na jambo jingine moyoni.

*

Aliyewafundisha wastaafu kutumia jipiesi alikuwa Afisa Mwelekeo wa Mkoa, kijana aliyevaa suti juani na kutoa jasho la heshima. Eustaki aliandika kwa kidole kimoja: ITANDULA. Tarumbeta zikalia ndani ya kidude, kisha Mheshimiwa akasema:

"Ndugu mwananchi, mahali ulipopachagua pako chini ya maji. Chombo hiki si cha majini. Chagua kwingine. Oyee!"

"Kijana wangu," Eustaki alisema, "Itandula hakuna maji. Watu wanafukua mchanga ndipo wapate ya kunywa."

"Mzee wangu, ramani yetu haina makosa. Kinachowekwa humu ni kile kilichozinduliwa tu. Na Bwawa Kuu la Umeme lilizinduliwa na Mheshimiwa mwenyewe, hapahapa uwanjani, kwa kubonyeza kitufe. Wewe hukuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilipiga makofi."

"Sasa?"

Kweli Eustaki alipiga makofi. Tena siku ile walipewa soda.

"Na watu wa Itandula je? Shemeji yangu yuko kule na mbuzi wake."

"Hao wasikupe shida. Walishahamishwa."

"Walihamishiwa wapi?"

"Wizara ya Uvuvi," alisema Afisa Mwelekeo, akaenda kumfundisha mstaafu mwingine.

Eustaki alitafuta katika ramani mahali pa karibu palipozinduliwa, akapata: Ufukwe wa Burudani wa Bwawa Kuu. Kutoka pale hadi Itandula ni uwanda mmoja tu, na uwanda ule aliuvuka kwa miguu alipokwenda kuposa. Alijiambia kwamba akishafika ufukweni atamalizia kwa macho yake mwenyewe. Alikuwa bado anaamini kwamba macho ni ya mwenye nayo.

*

Jipiesi ile ilikuwa na tabia zake. Kila ilipotoa maelekezo ilimalizia kwa "Oyee!", na dereva alitakiwa aitikie. Asipoitikia, au akiitikia kivivu, inanuna na kumwacha njia panda mpaka ajirekebishe. Sauti ya Eustaki ikakauka. Basi Perpetua akawa anamsaidia kuitikia kutoka kitandani. Pumzi yenyewe alikuwa hana, lakini kila Mheshimiwa aliposema "pinda kushoto, oyee", sauti nyembamba ilitoka nyuma ya pazia: "Oyee." Eustaki alikuwa akiisikia, roho inamuuma, anapinda kushoto.

Tabia nyingine, jipiesi haikujua kurudi nyuma. Mafundi waliliweka neno hilo mwanzoni, wakaliondoa baada ya hotuba ile ambayo Mheshimiwa alisema taifa hili halitarudi nyuma kamwe. Ukipitwa na kona, unaendelea mbele mpaka mbele itakapokurudisha. Njiani walikutana na mstaafu wa posta aliyekosa kona ya kwa mdogo wake wakati wa Krismasi; sasa Pasaka ilikuwa imepita na yeye bado anaendelea.

"Mkimwona mdogo wangu mwambieni nakuja!" alipiga kelele dirishani, nyumba yake ikapita.

Katikati ya safari, Mheshimiwa aliwaelekeza kwenye barabara kuu ya lami yenye njia nne. Ilikuwa na njia nne kwa sababu ilizinduliwa katika kila uchaguzi, na kila uzinduzi uliongeza njia. Eustaki alipofika alikuta shamba la mahindi. Utepe wa uzinduzi ulikuwa bado umefungwa kwenye mti mmoja, umepauka, na mama mmoja kijana alikuwa anapalilia chini yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Tunatafuta barabara."

"Mpo juu yake. Pitieni tu. Ila mjitahidi kukwepa maboga. Jana kapita mzee mmoja na nyumba yake, kaniangushia mstari mzima."

"Na wewe umenyamaza?"

"Niseme nini, baba? Mimi ndiye niliyelima katikati ya barabara. Nimeshapewa onyo." Akachungulia dirishani, akamwona Perpetua. "Mama anaumwa?"

"Nampeleka kwao."

Yule mama akatangulia mbele ya gari, akawa anayalaza mahindi yake kwa mikono ili magurudumu yapite. Eustaki aliona aibu hata akashindwa kumshukuru.

*

Walifika Ufukwe wa Burudani jua likiwa la asubuhi. Palikuwa na vumbi, miiba, na bango lililoandikwa HATARI, KINA KIREFU. Utepe mwekundu ulikuwa umezungushwa kwenye vigingi kuonyesha maji yanapoanzia. Ng'ambo ya utepe mbuzi walikuwa wanakula majani makavu, na mbele yao, chini ya kilima, moshi wa Itandula ulikuwa unapanda.

Perpetua akajiinua kwa kiwiko. "Lile bati linalong'aa ni la kaka Gaudensi," alisema, akacheka. Hakuwa amecheka tangu hospitali.

Eustaki alipiga ishara ya msalaba, akakanyaga mafuta, akaukata utepe. Gari halikwenda hata urefu wake. Injini ikazimika.

"Ndugu mwananchi," alisema Mheshimiwa kwa upole, "unazama. Kwa usalama wako injini imezimwa. Tulia. Serikali inakuja. Oyee!"

Serikali ikaja. Ilikuwa ni Sajenti Lubasha, askari wa Kikosi cha Majini, amevaa jaketi la kuokolea maisha la rangi ya chungwa, buti zimejaa vumbi. Nyuma yake walikuja askari wanne wenye majaketi na bunduki. Walilisukuma gari mpaka ufukweni, wakaufunga utepe upya.

"Shikamoo mzee. Pole kwa kuzama."

"Marahaba. Afande, mgonjwa wangu yumo ndani. Kwao ni pale. Moshi ule, unauona?"

"Nauona, mzee. Na mbuzi nawaona. Nina macho kama wewe. Lakini macho yangu hayamo kwenye kanuni."

"Basi tumbebe, tuvuke kwa miguu."

"Anayeingia majini bila chombo anajiua," Sajenti alisema kwa huruma ya kweli, "na kujiua ni kosa la jinai."

Habari ilikuwa imeshafika kijijini, maana hakuna kinachosafiri haraka kama habari ya mtoto wa nyumbani anayeumwa. Gaudensi alikuja mbio na wanaume watatu, wamebeba kitanda cha kamba. Walipofika kwenye utepe Sajenti akapuliza filimbi.

"Simama hapo! Kutoa mazao ya bwawa bila kibali ni uvuvi haramu!"

Wanaume wakasimama. Hawakuwa waoga. Vijana wao wawili waliwahi kuvuka kwenda kununua chumvi, na mpaka leo wako kituoni, wanahifadhiwa kama vielelezo.

"Pepe!" Gaudensi aliita.

"Kaka!" Perpetua aliitika dirishani.

"Umekonda, mdogo wangu!"

"Na wewe umezeeka!"

"Nimekutandikia chumba cha mama. Tumekifagia. Shangazi anapika uji."

"Nakuja, kaka. Ngoja wamalize taratibu."

Eustaki aliuangalia utepe ule, kitambaa tu, ambacho mbuzi mmoja alikuwa ameanza kukitafuna. Akaangalia bunduki nne. Machozi yakamjaa, akamgeukia Sajenti.

"Mwanangu, hata wewe una mama. Niambie nifanye nini."

Sajenti alijikuna chini ya jaketi. "Kuna kivuko," alisema.

*

Kivuko kilikuwa nyuma ya kichaka, kimepakwa rangi ya buluu na nyeupe, kimekaa juu ya mawe. Jina lake lilikuwa Mshikamano. Nahodha wake, mzee Shaame, aliletwa kutoka pwani kwa barua ya kupandishwa cheo.

Taratibu zake zilikuwa nyepesi. Abiria walipanda, wakavaa majaketi, honi ikapigwa. Kisha wote walikaa kwa muda ambao ratiba ya Wizara ilisema kivuko kinatumia kuvuka bwawa. Vijana wawili walioajiriwa kama Mawimbi Daraja la Pili walikitikisa kwa miti mirefu. Muda ukiisha honi inapigwa tena, ngazi inashushwa palepale, na karani anamgongea kila abiria muhuri kwenye cheti chake cha safari: AMEFIKA ITANDULA.

"Lakini tunashukia tulipopandia," Eustaki alisema.

"Kwa kuangalia, ndiyo," alijibu Sajenti.

Eustaki akafikiri. Mtu aliyepiga mihuri maisha yake yote anaijua nguvu yake. Aliwahi kuona nyama iliyooza ikiwa nyama safi kwa sababu ya muhuri, na watu wakaila wakashukuru.

"Afande, nikishagongewa kwamba niko Itandula, utanizuiaje nisiwe Itandula? Si utaniacha niende nyumbani kwa shemeji yangu?"

Sajenti aliikaza kamba ya jaketi lake. "Hilo hatujawahi kuulizwa," alisema. "Panda kwanza, mzee."

Tumaini likamwingia Eustaki kwa nguvu. Walimbeba Perpetua na godoro lake, wakamlaza juu ya sitaha, wakamvika jaketi. Honi ikalia.

"Bibi, jipe moyo," Nahodha Shaame alimwambia, "leo shwari kabisa." Kisha akamsogelea Eustaki na kunong'ona. "Tangu wanilete hapa, bwana, sijaona maji hata ya kutawadhia. Natayamamu kwa mchanga, mimi, nahodha!"

Kutoka juu ya sitaha Itandula ilionekana vizuri zaidi. Lilionekana banda la mbuzi, na nyuma yake kitu cheupe ambacho kilikuwa jiwe la kaburi la mama yake Perpetua. Gaudensi alikuwa anatembea kandokando ya utepe, anapunga mkono. Mawimbi wakaanza kazi, kivuko kikayumba.

"Baba Sesilia, tunasogea?"

Eustaki alichungulia chini. Jiwe lililobeba kivuko lilikuwa palepale, na mjusi juu yake.

"Tunasogea, mama."

"Naona. Bati linakuja."

Upepo ulileta mlio wa kengele ya mbuzi. Perpetua akafumba macho asikilize.

"Wale ni wa kwetu?"

"Ni wa kwenu wale."

"Wakati wa kushuka unishike polepole," alisema. "Miguu inauma." Akakishika kidole gumba cha mumewe kama alivyozoea kukishika kanisani, na baada ya muda akakiachia.

Eustaki alimwita Mama Sesilia. Kisha akamwita Perpetua, jina ambalo hakuwa amelitamka tangu ujana wao, akaliita tena na tena, akalia kwa sauti mbele ya watu bila kuona haya. Nahodha alivua kofia. Akawaomba Mawimbi waache kutikisa. Vijana wale walisikitika sana, lakini ratiba ilikuwa haijaisha, na Wizara hukata mshahara wa wimbi lililosimama. Kwa hiyo waliendelea, na kichwa cha Perpetua kikawa kinatikisika kushoto na kulia, kama mtu anayekataa kitu.

Honi ikalia. Karani akapita na muhuri wake. Wino ulikuwa wa zambarau, uleule wa machinjio. Aligonga cheti cha Eustaki, kisha akainama, akagonga na cha Perpetua.

*

"Sasa niko Itandula," Eustaki alimwambia Sajenti. "Nipishe nikamzike kwa mama yake."

Sajenti alipiga simu ya upepo makao makuu, akasimama wima wakati wa kusikiliza. Jibu lilikuwa refu na lenye hekima nyingi. Marehemu, walisema, ameshafika Itandula kwa mujibu wa muhuri. Kwa hiyo mahali alipolala ndipo Itandula, na azikwe hapo. Kumpitisha ng'ambo ya utepe kungekuwa kumtoa kijijini kwao na kumtupa majini, jambo ambalo ni kudhalilisha maiti, na serikali haiwezi kulivumilia.

Cheti cha kifo kiliandikwa kwamba alizama. Wizara ya Uvuvi ilituma rambirambi, ikatumia nafasi hiyo kuwakumbusha wananchi wavae majaketi. Alikuwa amelivaa.

Walimzika kwenye mawe, kando ya kivuko. Watu wa Itandula walijipanga nyuma ya utepe wakaimba, na wimbo wao ulisikika vizuri sana kwa wimbo unaotoka chini ya maji. Gaudensi alikuwa amechota kiganja cha udongo kutoka kaburi la mama yao. Aliurusha juu ya utepe, upepo ukaupeperusha, ukaangukia nusu kaburini na nusu kwenye buti za Sajenti. Sajenti aligeuka, akajifanya anakagua mawimbi.

Eustaki aliruhusiwa kulala hapo usiku mmoja, kama sheria inavyosema.

Asubuhi tarumbeta zilimkuta ameketi kwenye usukani.

"Ndugu mwananchi, umelala vya kutosha. Chagua unakokwenda. Oyee!"

"Oyee," alisema Eustaki, akangoja sauti ya nyuma ya pazia. Pazia lilikuwa limefungwa kama Perpetua alivyoliacha. Akangoja tena kidogo.

Kisha akanyoosha kidole, akaandika herufi moja moja: ITANDULA.

"Hongera, ndugu mwananchi," alisema Mheshimiwa, na bendi ikapiga. "Umeshafika. Chagua kwingine."